Maji Ambayo Sikumpa Mama

Mama yangu mzazi alininyooshea kidole mbele ya chumba kizima, akasema mimi ndiye ninayempa maji.

Hakupaza sauti. Alisema taratibu, kama mtu anayeomba aongezewe mto.

"Ni huyu. Hunipa kwa siri."

Alikuwa bado amesimama juu ya mizani, pamba mpya mkononi pale zilipotolewa sindano. Muuguzi ameshika kalamu. Kaka yangu yuko mlangoni, mikono mfukoni, anatazama viatu vyake.

Na mimi nilikuwa nimeinama, nimeshika kandambili za mama, nasubiri ashuke nimvalishe.

Kama hujawahi kuuguza mgonjwa wa figo utasema, maji tu, kuna nini hapo? Ngoja nikueleze, halafu uniambie kama ningeweza kulala siku ile.

Figo zikifa, maji unayokunywa hayana pa kutokea. Yanakaa miguuni. Yanapanda usoni. Mwisho yanaingia kwenye mapafu, na mtu anazama akiwa kitandani kwake, shuka kavu kabisa. Ndiyo maana mara tatu kwa wiki mama anafungwa kwenye mashine kwa muda wa saa nne. Mashine inasafisha damu, na inayavuta yale maji.

Kwa hiyo kumpa mgonjwa wa namna hiyo maji kwa kificho si huruma. Ni kumuua kwa kikombe.

Hilo ndilo nililosingiziwa... na aliyenizaa.

Muuguzi wa zamu ile tulimwita Sista Mizani. Kwake yeye mgonjwa anaweza kudanganya, ndugu wa mgonjwa lazima adanganye, lakini mizani haijawahi kumdanganya mtu. Alikuwa ameshasoma namba mara mbili.

"Mashine imevuta lita tatu na nukta mbili," alisema. "Mizani inasema amepungua kilo mbili tu. Hiyo kilo nyingine na ushee imerudi kupitia wapi? Puani?"

Watu wakacheka. Mimi nilitaka kusema kitu, lakini hapo ndipo mama alipoinua kidole.

Sista Mizani alinivua kadi ya muuguzaji shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Ile kamba ilinikwama sikioni, akaivuta tu. Akasema nisionekane tena ndani ya chumba kile. Kaka akasema, kwa sauti ya upole iliyoniudhi kuliko kofi, kwamba kuanzia leo mama atakaa kwake.

Wakaondoka naye. Nikabaki na kandambili mkononi, maana mke wa kaka alikuja na viatu vingine, vipya.

Sasa turudi nyuma kidogo, mjue nani ni nani.

Sisi tumezaliwa wawili. Mimi nimeishia darasa la saba. Mama alisema tusome kwa zamu, kaka amalize kwanza halafu nifuate mimi. Kaka alisoma, akasoma, akaendelea kusoma. Zamu yangu ilipofika mama alikuwa ameshaanza kuvimba miguu, na mtu wa kukaa naye nikawa mimi. Sikulalamika. Niseme ukweli, nilikuwa nikijivunia.

Kaka ni mtaalamu wa kompyuta kwenye kampuni inayotunza zile mashine. Nyumbani hakuna anayemwita jina. Ni Injinia. Hata mama anamwita Injinia, akiita anajiweka sawa kwanza kama anayepigwa picha.

Mashine zile zilikuwa na tatizo moja dogo lililokuwa linachekesha. Saa yake ilikuwa ya kigeni, inahesabu mpaka ishirini na nne. Kuna mzee mmoja wa zamu ya asubuhi alikuwa akisikia za jioni anauliza, saa kumi na nane ndiyo saa gani hiyo, ya mbinguni? Wauguzi nao walikuwa wakikosea kuandika. Basi kampuni ikasema itaweka programu mpya, mashine isome saa kama tunavyosoma sisi. Jua likichomoza tunaanza moja. Likizama tunaanza moja tena.

Programu iliandikwa na mwenzake kaka. Kazi ya kaka ilikuwa kuikagua. Asome mstari kwa mstari, aijaribu kwa zamu zote tatu, asubuhi, mchana na jioni, halafu aweke sahihi yake kwamba haitamdhuru mtu.

Akaweka sahihi.

Akaja mwenyewe na kompyuta yake kuiingiza kwenye mashine zote sita. Siku hiyo mama alikaa wima kwenye kiti kama bibi harusi, kila anayepita anamwambia, unamwona yule? Mwanangu yule.

Wiki ile ile mama akaanza kuvimba.

Kwanza ilikuwa pete, haitoki kidoleni. Halafu soksi zikaanza kuacha alama. Halafu akawa hawezi kulala bila mito mitatu, akilala chali anakohoa. Nikapunguza maji nikidhani nimekosea kupima. Nikatoka vikombe vitatu kwa siku nikaja viwili. Nilikuwa namnyima mama yangu maji, jamani, ananitazama na midomo imepasuka, na bado anavimba!

Daktari aliwahi kuniambia niandike kila anachokunywa. Nilikuwa na daftari la jalada la bluu kwa ajili hiyo. Lakini ukikaa saa nne kando ya mashine huna la kufanya, unaandika zaidi. Nikaanza kunakili namba za kwenye kioo kila baada ya robo saa. Saa, halafu lita zilizovutwa. Sikuwa natafuta kitu. Wengine wanafuma, mimi naandika.

Mama alikuwa zamu ya jioni. Anaanza saa kumi na nusu, anamaliza saa mbili na nusu.

Siku ya tatu nikaona kitu. Siku ya nne nikaacha kuandika kila robo saa, nikaanza kuandika kila dakika.

Saa 12:58, lita 1.9.

Saa 12:59, lita 1.9.

Saa 1:00, lita 3.2.

Nikafuta macho. Lita moja na zaidi imetoka ndani ya dakika moja? Mama angezimia pale pale. Na alikuwa ametulia tu, anapiga mwayo.

Kuanzia hapo namba haikusogea tena. Mashine iliendelea kunguruma saa moja na nusu nyingine, damu inazunguka, taa ya kijani inawaka. Lakini ule mlio mdogo wa pampu ya maji, tik... tik... tik, ambao nilikuwa nimeuzoea kama saa ya ukutani, ulikuwa umekata.

Mashine ilikuwa imeacha kuvuta maji, na ilikuwa inasema imemaliza.

Utaniuliza wauguzi walikuwa wapi. Saa moja kamili ndiyo saa yao ya kukabidhiana. Wa mchana wanatoka, wa usiku wanaingia, wote wako kwenye meza ile ya kona wanasaini. Sista Mizani akifika kwenye kiti anakuta 3.2 tayari. Anadhani wa mchana wameharakisha. Wa mchana wao hawakuwa wanaona mwisho.

Na wagonjwa wengine wa jioni? Wote walikuwa wanazidi uzito! Kila mmoja alikuwa anasemwa kwa zamu yake pale kwenye mizani, na kila mmoja aliinamisha kichwa. Unajua kwa nini? Kwa sababu hakuna mgonjwa wa figo ambaye hajawahi kuiba hata kipande cha barafu. Kila mtu alijua dhambi yake ndogo, akadhani ndiyo hiyo imeonekana. Waume wakafunga mabomba. Watoto wakaficha jagi. Chumba kizima watu wanaona aibu, kila mtu ya peke yake.

Nikampelekea kaka daftari.

Alikuwa kibarazani kwake, anasafisha miwani. Alifungua akiwa anatabasamu, ile tabasamu ya kumwonea huruma mtu aliyeishia darasa la saba. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Tabasamu ikaondoka. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akazungushia ile 12:59, akaandika tarehe pembeni.

Halafu akauliza swali moja tu.

"Nani mwingine ameona hili?"

Nikamwambia hakuna, nimekuletea wewe kwanza.

Nilidhani anatafuta mashahidi. Mjinga mimi! Akasema niliache daftari, atalishughulikia. Nikarudi nyumbani nina furaha, naimba njia nzima, kaka yangu atarekebisha, mama atapona.

Siku mbili baadaye mama akaninyooshea kidole.

Baada ya kunifukuza, walimhamishia mama zamu ya asubuhi. Na mnajua nini? Akapona! Miguu ikanywea, pete ikatoka, mito ikarudi kuwa mmoja. Mke wa kaka alikuja nyumbani kuchukua nguo za mama, akasimama mlangoni hata kuingia hataki.

"Wifi, mama anapumua kama mtoto sasa hivi," akasema. "Tangu apate watu wanaompenda."

Mtaa mzima ukawa umepata jibu. Binti kaondolewa, mama kapona. Ushahidi gani tena? Nikienda dukani watu wananyamaza. Mama mmoja alimvuta mwanawe pembeni nilipopita, kana kwamba kifo kinaambukiza.

Nilikaa sakafuni chumbani kwa mama, nikajiuliza: kwa nini asubuhi?

Nikahesabu. Zamu ya asubuhi, saa moja na nusu mpaka saa tano na nusu. Ya mchana, saa sita mpaka saa kumi. Ya jioni, saa kumi na nusu mpaka saa mbili na nusu. Ni zamu moja tu kati ya hizo tatu ambayo iko kwenye kiti wakati saa inatoka kumi na mbili na kurudi moja.

Kaka alikuwa amemtoa mama kwenye zamu hiyo hiyo.

Alijua. Alimwokoa mama yake na akawaacha wengine wazame. Na mimi akanipakaza matope ili pasiwe na mtu wa kusimama pale na daftari.

Kuna jambo jingine lilinijia, nikasimama ghafla. Viti vya asubuhi vimejaa tangu zamani. Ili mama aingie, lazima kuna mtu ametolewa. Nani amekaa kwenye kiti cha mama?

Kesho yake nikaenda kukaa kwenye benchi la nje, pale korido, ambako hakuna mwenye haki ya kunifukuza. Saa kumi na robo nikamwona anakuja. Ni yule mzee wa saa za mbinguni.

Tulimwita Mzee Kijiko. Miaka minane kwenye mashine, na hajawahi kuzidi uzito hata siku moja. Anakunywa maji kwa kijiko, anahesabu, anabeba kijiko hicho kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyobeba kalamu. Wagonjwa wapya wanapelekwa kwake wakafundishwe.

Alikuwa amevaa viatu bila kamba. Miguu haikuwa inaingia.

Nikamsalimu, akaitikia, akakaa karibu yangu akihema. Akaniambia kuna kijana mmoja injinia, mtu muungwana sana, alimwomba wabadilishane zamu na mama yake, akamwambia yeye mzee atapata kulala asubuhi. Akakubali. Na tangu akubali...

Akatoa kijiko, akakitazama.

"Binti, juzi yule sista ameniambia mimi ni mwizi wa maji," akasema. "Mimi."

Nikaona jicho lake limejaa. Nikasahau kulia kwangu.

Nikamweleza yote. Nilidhani atasema niende zangu, maana habari zangu zilikuwa zimeenea hospitali nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni dakika ngapi hasa, akatazama saa yake ya mkononi, akaingia.

Alipotoka saa mbili na nusu alikuwa hana rangi.

"Moja na nukta nne," akasema. "Halafu mbili na nukta nne. Nimeiona kwa macho yangu."

Zamu iliyofuata Mzee Kijiko alifanya kitu ambacho mimi nisingeweza. Ilipofika saa kumi na mbili na dakika hamsini na tano aliita kwa sauti kubwa, akamtaka Sista Mizani aache kusaini makaratasi yake na aje. Sista akajibu kuwa wanakabidhiana. Mzee akasema kama haji, anachomoa sindano sasa hivi. Miaka minane mtu huyo hajawahi kuomba hata shuka la ziada. Sista akaja. Wa mchana naye akaja nyuma yake.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kidole kimoja cha mguu ndani, vingine nje.

"Kila mtu atazame mashine yake," Mzee akasema. "Sista, wewe tazama zote."

Vichwa vyote vikageuka. Mashine sita. Wagonjwa sita, kila mmoja na lengo lake la lita za kuvutwa, kila mmoja na namba yake. Moja na nukta tano. Moja na nukta tisa. Mbili na nukta moja. Ndugu zao wamesimama nyuma ya viti, shingo mbele.

12:59.

Nilikuwa nasikia pampu zote sita. Tik... tik... tik...

1:00.

Zikanyamaza zote kwa pamoja. Na kwenye vioo vyote sita, kwa sekunde ile ile, namba ikaruka mpaka lengo.

Mwanamke mmoja alianza kulia. Alikuwa amemfungia mumewe mlango wa jikoni kwa wiki tatu asifike kwenye bomba.

Sista Mizani alisimama pale mkono mdomoni. Halafu akafanya kazi, hilo simnyimi. Alirudisha mashine mwanzo moja moja, akapanga upya maji yaliyobaki, akakaa kwenye kila kiti kwa zamu akitazama kwa macho. Hakuna aliyetoka mapema. Alipomaliza alikuja mlangoni, akatungua kadi yangu ya muuguzaji kwenye msumari, akanivalisha. Hakusema samahani. Kamba ikanikwama tena sikioni, safari hii akaikwamua.

Kesho yake asubuhi tukaitwa ofisini. Alikuwepo mkubwa wa kaka kutoka kampuni, mama wa makamo mwenye nywele fupi. Alikuwepo Sista, Mzee Kijiko, mimi, na Injinia, na begi lake la kompyuta magotini.

Kaka alikuwa ameshajipanga. Akasema huenda ni umeme, unapungua majira ya jioni. Akasema maneno marefu mengi. Yule mama akamwacha amalize, akamwambia afungue programu, hapo inapohesabu muda.

Yule mama akasoma, kidole kwenye kioo. Akaeleza kwa maneno ya kawaida, nadhani kwa ajili yangu na mzee. Mashine inajua imevuta kiasi gani kwa kuhesabu muda uliopita. Inachukua saa ya sasa, inatoa saa ya kuanza.

"Umeanza saa kumi na nusu," akasema. "Sasa ni saa moja. Moja ukitoa kumi na nusu?"

"Haitoi," nikasema.

Wote wakanigeukia. Nikaona aibu, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Ikiwa haitoi, unaazima," nikasema. "Kwenye saa zetu unaazima kumi na mbili. Moja inakuwa kumi na tatu. Kumi na tatu toa kumi na nusu, mbili na nusu. Tulifundishwa darasa la nne."

Yule mama akaiandika hesabu yangu kwenye karatasi. Halafu akamgeukia kaka.

"Na programu uliyokagua imefanya nini?"

Kaka akavuta kompyuta karibu. Akasoma mwenyewe. Programu haikuazima. Ilipata hasi tisa na nusu, na mstari uliofuata ulikuwa unasema: ikitokea hasi, futa alama. Basi. Ikafuta alama, ikabaki tisa na nusu. Mashine ikajiambia, kumbe saa tisa na nusu zimepita, kazi ya saa nne imekwisha zamani. Ikaandika lengo limetimia, ikaacha kuvuta.

Pembeni ya mstari ule, yule aliyeandika programu alikuwa ameacha maneno. Yule mama akayasoma kwa sauti: "Sina uhakika hapa. Mkaguzi ajaribu zamu ya jioni."

Akatoa karatasi ya ukaguzi. Asubuhi, alama ya vema. Mchana, alama ya vema. Jioni, alama ya vema. Na chini, sahihi ya kaka yangu, ile ya mikunjo mingi aliyokuwa akijifunza kuiandika kwenye madaftari yangu tulipokuwa wadogo.

"Ulijaribu jioni?"

"Nilikuwa na haraka siku ile," kaka akasema. "Nilipitia kwa macho. Lakini nilikuwa sijui kama kuna tatizo. Nimelijua jana, kama ninyi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hasira ina harufu. Kama chuma.

"Daftari langu liko kwenye begi lako," nikasema, maana namjua, kitu anachofanyia kazi hakiachi nyumbani.

Akasema halipo. Mzee Kijiko akamwambia, kwa upole tu, afungue. Akafungua, akijua, nadhani, kwamba mambo yamekwisha. Lilikuwa pale, jalada la bluu. Asingeweza kulichoma, mnaelewa? Ndilo lililokuwa na namba zote za kurekebishia. Alikuwa anairekebisha kimya kimya, aje aseme ni maboresho. Alihitaji wiki mbili tu, alisema baadaye. Wiki mbili, na watu sita kwenye viti!

Yule mama akafungua ukurasa ulio na wino mwekundu. 12:59, imezungushiwa. Na tarehe, kwa mwandiko wa kaka mwenyewe. Siku mbili kabla mama hajaninyooshea kidole. Siku nne kabla Mzee Kijiko hajapewa kile kiti.

Mzee hakumtukana. Alitoa kijiko chake mfukoni, akakiweka mezani mbele ya kaka.

"Shika," akasema. "Ujifunze kuhesabu."

Kaka alisimamishwa kazi pale pale. Mengine yako kwa wanaohusika, na sitayaongelea hapa.

Najua bado mnauliza kuhusu mama. Na mimi nilikuwa nauliza.

Nilienda moja kwa moja nyumbani kwa kaka. Wifi alifungua mlango, safari hii akanipisha. Mama alikuwa anakunja nguo. Akanitazama mara moja, akajua kwamba najua.

Injinia alikuwa amemweleza mama kila kitu, akimbembeleza. Mashine ina kosa, kosa ni langu, likijulikana nimekwisha, naweza hata kufungwa. Nisaidie mama, sema ni yeye. Na mama akasaidia.

"Na mimi?" nikamwuliza. "Mimi nilikuwa nani?"

Alikunja gauni lile lile mara tatu.

"Nilijua wewe utanisamehe," akasema. "Yeye asingenisamehe."

Soma tena hapo ndugu yangu. Mimi nimelisoma kichwani mwangu kila siku tangu siku ile. Uvumilivu wangu wote, vikombe nilivyopima, kandambili nilizovalisha, ndivyo vilivyonifanya niwe mtu wa kutupiwa. Walinichagua mimi kwa sababu nilikuwa salama kuumizwa.

Nilimwambia kitu kimoja tu ambacho hakukijua, kwamba kiti chake alipewa mtu, na mtu huyo alikuwa anavimba badala yake. Akakaa chini juu ya nguo. Kesho yake aliomba mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, Mzee Kijiko arudishiwe asubuhi yake, na yeye arudi jioni.

Programu ilirekebishwa. Mstari mmoja: ikiwa haitoi, azima kumi na mbili. Yule mama wa kampuni aliijaribu yeye mwenyewe kwa zamu zote tatu, kwa ndoo za maji kabla ya kumfunga mtu, na jaribio la jioni aliniita nikae na daftari.

12:59, lita 1.9.

1:00, lita 2.0.

Sijawahi kuona mbili nzuri kama ile.

Kwa hiyo wewe mwenye mgonjwa, ukiambiwa anaiba maji, kabla hujamfungia bomba, kaa naye, tazama, andika. Na wewe mwenye sahihi inayoaminiwa, usiweke alama ya vema mahali ambapo hukufika. Na wewe ambaye kila siku unaambiwa una moyo mkubwa... angalia vizuri wanataka kuweka nini humo ndani.

Mama amerudi nyumbani kwetu. Namvalisha kandambili, napima vikombe vitatu. Tunaongea habari za chakula na hali ya hewa. Kusamehe bado, na nikifika huko nitajua mwenyewe.

Lakini kila zamu yake, saa kumi na mbili na dakika hamsini na tisa, huwa nipo.